Miezi minne, maombi 61, kazi sifuri: profaili yangu ina kasoro gani?

#1 MwanaPangani
Wakuu, salaam. Nahitaji macho ya watu wengine, maana yangu yameshachoka.

Ni mtafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili. Niko kwenye soko moja kubwa la kazi mtandaoni (jina nalihifadhi) na huu ni mwezi wa nne. Nimeomba kazi 61. Walionijibu ni wawili. Mmoja aliniuliza kama nina Telegram, kisha akasema nilipie "ada ya usajili". Wa pili alitaka kurasa sita za majaribio bure. Nikazitafsiri usiku kucha, nikazituma, hadi leo kimya. Waliokuja wenyewe: hakuna hata mmoja.

Kila mahali nasoma kwamba profaili nzuri huwaleta wateja mlangoni. Yangu inaleta nzi. Naiweka hapa kwa Kiswahili, mle ndani iko kwa Kiingereza:

Kichwa: Mtafsiri | Mwandishi | Kuingiza data | Msaidizi wa ofisi | Canva
Maelezo: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza. Kuridhika kwako ndiyo furaha yangu. Nipe nafasi na hutajuta."
Picha: ya mahafali, nimevaa joho.
Bei: dola 5 kwa saa.
Sampuli za kazi: sijaweka.

Semeni ukweli, sitanuna.

#2 Kandambili
Atanuna huyu. Nakaa pale na kashata yangu.

#3 Shangazi wa Makorora
Mwanangu wa Pangani, hicho kichwa chako ni duka la Mangi. Kiberiti kipo, vocha ipo, mkate upo, mafuta ya taa yapo. Duka la Mangi linauza kwa sababu liko karibu na nyumbani. Huko mtandaoni wewe huko karibu na mtu yeyote. Anayetaka kutafsiriwa mkataba anatafuta mtu wa mikataba, hatafuti mtu anayefanya na Canva.

Pili, mteja akitafuta, kwenye orodha ya majina anaona picha, kichwa, bei na mistari kama miwili ya mwanzo ya maelezo. Basi. Hiyo miwili wewe umeitumia kusema ni mwaminifu. Nani ameandika kwamba yeye ni mwizi?

Nina swali moja kabla sijaendelea. Kabla ya hii tafsiri ulikuwa unafanya kazi gani?

#4 Kahawa Chungu
Shangazi kasema vizuri ila kaanzia mbali. Tatizo ni dola 5. Mimi ni mbunifu wa nembo, nimekaa na bei ya dola 5 mwaka mzima nikipata wateja wa aina moja tu: wanaotaka marekebisho kumi na nne, kisha wanakupa nyota tatu. Nilipopandisha hadi 20 walipungua, lakini waliobaki walikuwa watu. Mteja wa maana akiona dola 5 anajiuliza huyu ana ugonjwa gani.

#5 Kisauni
Kahawa, hapo sikubaliani nawe. Mimi nilianza na dola 4, huku Mombasa, kazi ya kunukuu mahojiano ya sauti. Kazi tano za mwanzo zilikuwa za hasara tupu, lakini zilinipa maoni matano ya nyota tano, na ya sita nikaomba dola 12, nikapewa. Mtu hana hata nyota moja mwamwambia apandishe bei? Apandishe akiegemea nini?

#6 Kahawa Chungu
Aegemee ubora.

#7 Kisauni
Ubora nani ameuona, na sampuli hajaweka?

#8 MwanaPangani
@Shangazi, shikamoo. Kabla ya hapa nilikuwa ofisa tabibu, zahanati moja huku kwetu, miaka mitatu. Mkataba ulikwisha. Nikawa nawasaidia watafiti waliokuja wilayani: nawatafsiria dodoso na fomu za ridhaa, wakati mwingine nakwenda nao vijijini kuwahoji akina mama. Ndipo nikaingia kwenye tafsiri. Kwenye profaili sikuandika kwa sababu si fani inayohusika.

#9 Shangazi wa Makorora
Marahaba. Jamani, nishikeni.

#10 Kandambili
😂😂😂 Mtu amekalia dhahabu anauza mchanga.

#11 Shangazi wa Makorora
Mwanangu, sikiliza. Mtafiti wa Ulaya au Marekani hawezi kwenda kwa mgonjwa wa Tanga na fomu ya Kiingereza. Kamati za maadili zinataka fomu ya ridhaa iwe kwa lugha anayoielewa yule anayeulizwa. Mara nyingi wanataka pia itafsiriwe upya kwenda Kiingereza na mtu wa pili, ili waone kama maana haikupotea njiani. Hiyo peke yake ni kazi mbili. Na wanaoijua lugha ni wengi, lakini wanaojua tofauti ya kifafa na kifafa cha mimba bila kufungua kamusi ni wachache.

Andika hivi, kwa Kiingereza chako kizuri:

"Natafsiri fomu za ridhaa, dodoso na vipeperushi vya afya kwenda Kiswahili ambacho mama wa kijijini anakielewa akisomewa mara moja. Nimekuwa ofisa tabibu kwa miaka mitatu na nimezitumia fomu hizi nikiwa nimekaa na wagonjwa."

Kichwa: Mtafsiri wa afya na utafiti, Kiingereza–Kiswahili (Tanzania). Futa Canva.

#12 Mkalimani wa Zamani
Nimewasoma. Mnapaka rangi nyumba ambayo barabara yake imefungwa. Nimekaa vibandani Arusha karibu miaka ishirini, na kazi zote kubwa nilizopata zilikuja kwa mtu kumwambia mtu. Masoko haya ya mtandaoni ni mnada wa kushuka. Na siku hizi nusu ya zinazoitwa kazi za tafsiri ni kusahihisha iliyotafsiriwa na mashine, kwa robo ya bei, na ukisoma ile rasimu unaona bora ungeanza mwenyewe.

Kijana nenda ProZ. Ipo tangu 1999, ni ya watafsiri tupu, na ina kitu kinaitwa Blue Board ambapo watafsiri wanaandika kampuni gani inalipa na ipi hailipi. Usiuze samaki sokoni kwa wauza viatu.

#13 Dereva Bajaji
Mzee vibandani ni vya chipsi?

#14 Mkalimani wa Zamani
Kibanda cha ukalimani, kijana. Kina kioo na vipaza sauti.

#15 Dereva Bajaji
Basi cha chipsi kinalipa zaidi 😅

#16 Kisauni
Mzee, heshima yako, ila "mtu kumwambia mtu" yataka uwe na mtu. Sisi tulioanza bila kumjua yeyote soko hili ndilo lililotufungulia. Kweli lina gharama. Tuseme ni Upwork: kila ombi unalilipia kwa Connects, yaani vocha zao za kuombea kazi, na Connect moja ni senti 15 za dola. MwanaPangani, maombi 61 kwa wastani wa Connects 10 ni 610, sawa na dola 91.50. Halafu na wao wanachukua asilimia 20 ya kazi.

#17 MwanaPangani
Ombi langu kwenu, mke wangu asiuone uzi huu.

#18 Kahawa Chungu
Kisauni rekebisha hapo. Asilimia 20 ni Fiverr, soko jingine, na hawajaanza leo. Upwork ilikuwa na ngazi: 20 kwa dola 500 za mwanzo na mteja mmoja, kisha 10 mpaka dola 10,000, kisha 5. Mwezi Mei 2023 wakafuta ngazi, ikawa 10 kwa wote.

#19 Mama Wawili
Na wewe umepitwa, Kahawa. Tangu Mei 2025, mikataba mipya haina tena hiyo 10 moja. Inaanzia 0 mpaka 15, na unaiona kabla hujatuma ombi. Juzi nimeomba mbili siku moja, kila moja na asilimia yake. Angalieni kabla ya kupanga bei.

Nikiwa hapa niseme la picha, maana mmeliruka. Joho toa. Joho linasema "nimemaliza shule jana". Simama karibu na dirisha asubuhi, vaa shati moja safi, uso uonekane, ukuta nyuma usiwe na kalenda ya benki. Mimi ya kwanza ilikuwa ya harusi ya dada yangu, nimekata watu wa pembeni, bega la mtu limebaki. Nilikaa nayo miezi saba nikidhani hakuna anayeliona.

#20 Kandambili
Bega la nani?

#21 Mama Wawili
Hiyo ni uzi mwingine.

#22 Baraza la Jioni
Mimi nasema ni saa. Kazi nzuri ikitangazwa, maombi hamsini yanaingia ndani ya muda mfupi na mteja anasoma kumi ya juu. Wateja wengi wako Marekani. Wanafungua ofisi saa tatu asubuhi ya New York, na huku ni saa kumi na moja jioni. Wewe unaomba saa ngapi?

#23 MwanaPangani
Saa mbili asubuhi, baada ya chai, bando la usiku likiwa halijaisha vizuri.

#24 Baraza la Jioni
Ndiyo hapo. Unabisha hodi watu wamelala.

#25 Mama Wawili
Saa kumi na moja ni wakati wa baridi yao. Kiangazi wanasogeza saa, inakuwa saa kumi alasiri ya kwetu. Nilishawahi kumchelewesha mteja saa nzima kwenye simu ya kwanza kwa sababu hiyo. Hakurudi tena.

#26 Dereva Bajaji
Nyie mnazunguka. Ukweli ni nchi. Mteja akiona Tanzania anapita. Mshikaji wangu amekodi akaunti ya mtu yuko Ulaya, analipa theluthi ya mapato, kazi zinamiminika. Nikuunganishe?

#27 Kisauni
MwanaPangani, usithubutu. Haya tumeyaona sana huku Kenya, hasa kwa wale waandishi wa insha za wanafunzi: akaunti zauzwa, zakodishwa, zarithiwa kama shamba. Nina jamaa alikodi akaunti moja, akafanya kazi miezi mitano, salio likafika dola 640. Siku moja soko likamtaka mwenye akaunti ajitokeze kwa video na kitambulisho. Mwenye akaunti alijitokeza, akapita, akabadilisha neno la siri, akazitoa pesa. Utamshtaki wapi? Wewe mwenyewe ndiwe uliyevunja masharti.

#28 Dereva Bajaji
Aisee. Huyo mshikaji wangu ngoja nimpigie.

#29 Nimeuliza Tu
Mie niko Bukavu. Kuhusu nchi, kwa upande wetu imekuwa kinyume. Natafsiri Kifaransa–Kiswahili, na mashirika ya afya wanatafuta kabisa Kiswahili cha Congo, kwa sababu kile cha Dar watu wa Kivu na Ituri wanakisikia kama cha redio. Nilipoandika tu "Kiswahili" nilikaa bure. Nilipoandika "Kiswahili cha Congo" wakaanza kuniandikia. Hata kwenye programu za kompyuta misimbo ni tofauti: sw-TZ, sw-KE, sw-CD. Nchi yako iweke mbele, usiifiche.

#30 Mkalimani wa Zamani
Hapa mgeni wetu ana hoja. Dodoso la Tanzania ni hojaji Kenya. Mteja asiyejua atampa Mkenya kazi ya Tanzania, kisha wasomaji wanalalamika.

#31 Kisauni
Na Mtanzania akipewa ya Kenya asiandike dodoso kwenye hojaji yetu. Ila nanyi kubalini hojaji yapendeza zaidi.

#32 Shangazi wa Makorora
Hojaji ina harufu ya mtihani.

#33 Kandambili
Tarakilishi na rununu zenu je, kuna mtu ameziona mtaani?

#34 Mama Wawili
Jamani, kijana ana mke. Turudi. Sampuli.

MwanaPangani, zile fomu ulizowatafsiria watafiti usiziweke bila ruhusa yao, ni mali yao. Andika ya kwako: chukua ukurasa mmoja wa maelezo ya afya ambao hauna mwenyewe, au tunga fomu ya ridhaa ya utafiti wa kubuni, weka Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Chini andika mistari mitatu kueleza kwa nini ulichagua neno hili ukaliacha lile. Hiyo mistari mitatu ndiyo iliyonipatia mimi kazi, si tafsiri yenyewe, kwa sababu mteja hajui Kiswahili. Hawezi kupima tafsiri yako. Anachopima ni kama unafikiri.

Ukitaka kazi yenye jina la kuonyesha, jitolee Translators without Borders, ambao siku hizi wako chini ya CLEAR Global. Au andika makala za tiba kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Historia ya mchango wako inaonekana wazi na mteja anaweza kuifungua.

#35 Kahawa Chungu
Kujitolea tena? Bure juu ya bure. Alishafanya kurasa sita bure.

#36 Mama Wawili
Zile alimfanyia tapeli. Hizi zinabaki na jina lake.

#37 Baraza la Jioni
Kingine, kitambulisho. Jina la akaunti lifanane na la kwenye hati, herufi kwa herufi. Na kama una namba ya kitambulisho cha taifa bila kadi, namba haipigwi picha. Tafuta pasipoti mapema. Binamu yangu alijiita "Prince" kwenye akaunti. Kilichompata mnakijua.

#38 MwanaPangani
Asanteni. Pesa je, zikija? Maana nikiuliza na hilo mke ataamini kweli zinakuja.

#39 Kisauni
Sisi PayPal inaingia M-Pesa tangu 2018.

#40 Kahawa Chungu
Msimringishie. Tanzania PayPal ni ya kulipa, si ya kupokea. Fungua Payoneer, unganisha na benki yako. Angalia makato kabla ya kutoa vidogo vidogo.

#41 Dereva Bajaji
Nimempigia mshikaji. Hapokei.

#42 MwanaPangani (wiki sita baadaye)
Wakuu, nimerudi.

Nilifanya hivi kwa wiki moja: nikabadili kichwa na maelezo kama alivyosema Shangazi, joho nikalitoa, sampuli mbili nikaweka na ile mistari mitatu, bei nikapandisha hadi dola 15. Maombi nikaanza kutuma jioni, matatu kwa wiki.

Nimepata kazi mbili. Ya kwanza ni ya dola 45, dodoso la chanjo, na mteja alinipa nyota tano. Ya pili mteja ndiye aliyeniandikia, mtu wa chuo kimoja, anataka fomu nne. Tumekubaliana, tunaanza Jumatatu.

#43 Shangazi wa Makorora
Nilisema nini? Kichwa.

#44 Kahawa Chungu
Kichwa gani. Bei! Angebaki na dola 5, mtu wa chuo asingemgusa.

#45 Baraza la Jioni
Amesema jioni, mmesoma lakini?

#46 MwanaPangani
Sasa hapo ndipo pananichanganya. Yule wa kwanza nilimuuliza kwa nini alinichagua. Akasema kwenye tangazo lake, chini kabisa, aliandika kwamba kila anayeomba aanze na neno "embe". Maombi yalipita thelathini, walioanza na embe ni wanne. Mengine aliona yote yameandikwa na mashine, yanafanana hadi koma. Profaili yangu anasema aliifungua baada ya kunipa kazi.

Wa pili ndiye sijui. Alinikuta kwa kutafuta. Sikumuuliza, naogopa kumchosha.

#47 Kisauni
Alikukuta kwa sababu ulikuwa na zile nyota tano za wa kwanza. Na za wa kwanza ulizipata kwa embe. Kwa hiyo ni maoni ndiyo yaliyokuleta mteja, nilivyosema mimi tangu #5.

#48 Mama Wawili
Au aliandika "ridhaa, Tanzania, afya" kwenye kisanduku cha kutafutia na hakukuwa na mwingine. Ungebadilisha kitu kimoja kimoja tungejua. Umebadilisha sita kwa mpigo.

#49 Mkalimani wa Zamani
Kazi mbili kwa wiki sita. Nasubiri tuone mwezi wa kumi na mbili. ProZ umejiunga?

#50 MwanaPangani
Nimejiunga mzee, profaili ipo nusu. Kwenye kichwa nimekwama kati ya dodoso na hojaji.

#51 Kandambili
😂 Vita vimefufuliwa.

#52 Dereva Bajaji
Mshikaji amepatikana. Akaunti imefungwa, anataka nimkopeshe. Ila nimekuja na jambo jingine: binamu yangu yuko Muscat, anatakiwa kupeleka cheti cha ndoa kilichotafsiriwa. MwanaPangani, unafanya?

#53 MwanaPangani
Kwenda Kiarabu siwezi, mkuu, mimi ni Kiingereza. Halafu muulize kwanza kama wanataka mhuri, maana mimi mhuri sina.

#54 Dereva Bajaji
Ngoja nimuulize. Kikiwa cha Kiingereza, bei gani kwa mtu wa uzi wako?

#55 MwanaPangani
Dola 15.

#56 Dereva Bajaji
Si ulikuwa 5?

#57 Kahawa Chungu
MwanaPangani usijibu.